Kijito cha Viluwiluwi: Tujifunze Kupima Maneno Juu ya Mazingira



Safari hii hatutafundisha kuotesha miche wala kukinga chemchemi. Tutajifunza kazi ambayo vikundi vingi huipita: kusikiliza na kupima maneno yanayosemwa juu ya binadamu na viumbe vinavyomzunguka. Wasomi wana jina la elimu hiyo. Huiita balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno. Lakini kazi yenyewe siyo ya wasomi peke yao. Mzee anayekaa katika kokwet akasikiliza pande mbili za ugomvi, kisha akauliza, "Huyu anasema nini hasa, na anataka tufanye nini?", anaifanya kila siku.

Kwetu Kericho na Bomet kazi hiyo ina uzito wake. Neno "mazingira" limefika hapa kwa njia nyingi. Limekuja na miche ya bure, limekuja na semina za chai na mkate, na limekuja pia na amri ya kuhama. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kutoka katika hifadhi ya msitu. Mwaka 2009 familia nyingi ziliondoka au ziliondolewa Mau Kusini Magharibi, na wengine wakakaa katika vibanda kandokando ya msitu. Mwaka 2018 na 2019 ikawa zamu ya Maasai Mau, upande wa Narok. Baadhi ya walioondolewa walikuwa na hati za mashamba mkononi. Kwa hiyo mtu akisimama barazani akasema "tuokoe msitu", wengine hupiga makofi na wengine hunyamaza kimya. Wote wamesikia neno lilelile, lakini kila mmoja amesikia kitu chake.

Basi tuchukue hotuba moja nzuri tuisome polepole. Tumechagua ile aliyoitoa Profesa Wangari Maathai mjini Oslo, Norway, tarehe 10 Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Imeandikwa kama insha, na mpaka leo watu wanaisoma kama insha.

ANAYESEMA NI NANI, NA ANASEMA NA NANI?

Hili ndilo swali la kwanza katika kupima maneno yoyote. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisomea elimu ya viumbe, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini. Alipokwenda Oslo alikuwa mbunge na Waziri Msaidizi wa Mazingira, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata tuzo hiyo. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Mbele yake Oslo walikaa mfalme, mabalozi na watu wakubwa wa Ulaya. Nyuma yao ilikuwepo dunia nzima inayotazama televisheni. Na huku nyumbani walikuwepo wanawake waliopanda miti hiyo kwa mikono yao. Watu wa namna tatu, na hotuba ni moja. Ndugu msomaji, hebu jaribu wewe kusema maneno yatakayomgusa mfalme na mama anayetoka kuchuma chai, bila kumdanganya yeyote kati yao. Siyo kazi ndogo.

Tena kulikuwa na swali ambalo wengi walijiuliza mwaka ule: miti na amani vinahusiana wapi? Tuzo ni ya amani, mbona apewe mtu wa miti? Hotuba nzima ni jibu la swali hilo.

HATUA ZA HOTUBA

Tukiifuata tangu mwanzo, tunaona inakwenda kwa hatua tano.

Kwanza, baada ya utangulizi, anataja mahitaji ya nyumbani. Hatamki maneno makubwa ya sayansi. Anasema akina mama walikosa kuni, maji safi, chakula kinachofaa, makao na mapato. Anaeleza pia kwamba wanawake hao walilalamikia kilimo cha biashara kilichochukua nafasi ya mazao ya chakula, huku bei ya mazao hayo ikipangwa na soko la nchi za nje, na mkulima mdogo asipate malipo ya haki. Msomaji wa jarida hili anayesubiri bonasi kila mwaka hahitaji kufafanuliwa hapo.

Pili, anatoa dawa iliyo ndogo. Anasema kupanda mti ni jambo rahisi, mtu yeyote anaweza, na matokeo huonekana kwa muda usio mrefu, kwa hiyo moyo haukatiki. Kisha anataja hesabu: zaidi ya miti milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Tatu, anapanua. Watu walioanza kwa kupanda miti walikuja kuuliza ni nani anayeikata, na kwa ruhusa ya nani. Hapo anaitaja Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, mahali ambapo kupigania mti kulikuwa kupigania haki. Kumbe hilo ndilo jibu la swali la miti na amani: pasipo sauti ya wananchi, mali ya wote huwa ya wachache, na hapo ugomvi huanza. Anakumbusha pia desturi ya Wakikuyu, ambapo mzee alikuwa na fimbo ya mti uitwao thigi. Akiiweka katikati ya watu wanaogombana, huacha ugomvi wakatafuta suluhu.

Nne, anawaita watu kwa majina ya kazi zao: viongozi, wenye viwanda, mashirika ya dunia, wananchi, vijana. Kila mmoja anapewa sehemu yake.

Tano, anamaliza na hadithi fupi. Anakumbuka utotoni alipokuwa akienda kijitoni kumtekea mama yake maji. Aliyanywa maji yale palepale. Alicheza katikati ya majani ya nduma, akajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, lakini kila alipotia vidole yakakatika. Baadaye aliona viluwiluwi maelfu, vyeusi, vikichezacheza ndani ya maji meupe. Halafu anasema kwamba sasa, zaidi ya miaka 50 baadaye, kijito kimekauka, akina mama wanakwenda mbali kutafuta maji, na watoto hawatajua walichopoteza. Kazi iliyobaki, anasema, ni kuwarudishia viluwiluwi makao yao, na watoto dunia yao nzuri.

KWA NINI INASHAWISHI?

Watu wengi wakiulizwa husema, "Ni kwa sababu ya hadithi ya mwisho." Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Hadithi ile ikisimama peke yake ni kumbukumbu tu ya mtoto. Inapata nguvu kwa sababu imetanguliwa na mambo matatu.

La kwanza ni kuaminika. Anayesema ameifanya kazi miaka 27. Kabla ya kukuomba upande mti, amekwisha kukuonyesha iliyopandwa. Katika mikutano yetu tumezoea mgeni anayetuambia tufanye jambo ambalo yeye hajaligusa. Hotuba yake husahaulika kabla ya kikombe cha chai kupoa.

La pili ni udogo wa kitu chenyewe. Angeweza kusema "viumbe vya majini vimepungua". Akasema viluwiluwi. Mtu haoni "viumbe vya majini", lakini kila aliyekua karibu na mto amewahi kuviona viluwiluwi, na kidole kinakumbuka ule utelezi wa mayai ya chura. Neno dogo linalojulikana huingia mlango ambao neno kubwa hugonga tu.

La tatu ni mpango. Tumkumbuke nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi, katika 2 Samweli 12. Nathani alianza na hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, Daudi akakasirika, ndipo nabii akamgeuzia kidole. Wangari Maathai amefanya kinyume. Amehukumu kwanza, kwa upole lakini waziwazi, ndipo akaleta hadithi. Nathani alikuwa na msikilizaji mmoja mwenye kosa moja. Huyu alikuwa na dunia nzima, na makosa yamegawanyika. Angeanza na kijito, watu wangelia kidogo, wakafuta machozi, wakaendelea. Kwa kukiweka mwishoni, kila mtu anafika pale akiwa amekwisha kusikia sehemu yake ikitajwa.

HILI NENO "SISI" NI NANI?

Hapa ndipo tunaomba kikundi kisimame kwa muda mrefu kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo hili.

Karibu kila insha juu ya binadamu na maumbile inatumia neno "sisi". Sisi tumekata misitu. Sisi tumechafua mito. Sisi lazima tubadilike. Ni neno tamu, la kanisani kabisa, maana mbele ya Mungu wote tumepungukiwa. Lakini neno hilohilo linaweza kuficha mambo. Likitamkwa haraka, familia yenye robo ekari ya chai na kampuni yenye maelfu ya hekta huwekwa katika kapu moja. Aliyekata mti mmoja wa kuni na aliyesaini karatasi ya kugawa msitu wanakuwa wakosaji sawa. Na wote wakiwa wakosaji sawa, kwa kawaida anayebeba mzigo ni yule asiye na wakili.

Tena liko kosa la upande wa pili, nalo ni neno "wao". Wao wazungu walileta mashamba makubwa. Wao wakubwa waligawa Mau. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Chai ya biashara ilianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai walinyang'anywa wakati wa ukoloni, na mpaka leo madai ya ardhi hiyo hayajaisha. Lakini mtu anaweza kusema "wao" asubuhi, na jioni akapanda mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, mpaka mdomoni mwa chemchemi ya kijiji. Neno "wao" halikinywi maji mengi kama blugamu, lakini huisaidia kumea.

Sasa tazama hotuba ya Oslo inavyofanya. Haianzi na "sisi" wa dunia nzima. Kwanza linakuja "mimi", mtoto wa Nyeri aliyeona msitu ukikatwa na mashamba ya biashara yakichukua nafasi yake. Wanafuata wanawake wa vijijini, wenye haja zao. Inafuata "sisi" wa kikundi, tuliopanda. Halafu linakuja lile "sisi" kubwa la wanadamu wote wanaoitwa kuiponya dunia. Lakini haliachwi peke yake: kila mtu anapewa jina lake na sehemu yake, viongozi wanatajwa, viwanda vinatajwa, na hali ya wachache kutumia kupita kiasi inatajwa. Kwa maneno mengine, umoja umejengwa juu ya ukweli, haukuwekwa juu yake kama blanketi.

Hicho ndicho kipimo tunachotaka mwondoke nacho. Ukisikia "sisi" katika hotuba ya mazingira, uliza: je, kabla ya neno hili, kila mmoja ametajwa kwa sehemu yake?

JAMBO AMBALO HOTUBA HAIKULITAJA

Kupima siyo kusifu tu. Hotuba nzuri nayo huacha mambo, na msomaji mzuri huyatafuta.

Katika hadithi ya kijito, hotuba haielezi hapohapo ni nini kilichokikausha. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe na yale aliyosikia mwanzoni juu ya misitu kukatwa. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 2006, Wangari Maathai alichapisha kitabu cha maisha yake, Unbowed, na humo akaisimulia habari hiyo kwa urefu zaidi. Karibu na kijito kile kulikuwa na mti wa mugumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Aliporudi akiwa mtu mzima, mti haukuwepo. Mwenye shamba mpya aliuona unachukua nafasi bure. Aliukata apate mahali pa kupanda chai.

Ndiyo, chai.

Sasa somo limeingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Tulikuwa tukisoma juu ya viluwiluwi vya Nyeri, kumbe zao lililochukua nafasi ya mugumo ndilo linalolipa karo ya watoto wetu, na bati la nyumba, na hata sadaka ya Jumapili. Tufanye nini na habari hii? Tuikasirikie? Tuinyamazie? Au tujilaumu mpaka tukate tamaa?

Sisi tunaona tufanye kama alivyofundisha mwandishi mwenyewe: tugawe sehemu kwa haki. Na hapa tunao ushahidi wa kwetu kabisa. Kuanzia mwaka 1958 watafiti wa Afrika Mashariki walipima vijito viwili katika Mau Kusini Magharibi, karibu na Kericho. Katika bonde la Sambret, sehemu ya msitu ilikatwa ikapandwa chai. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Walipima mvua na maji ya mito kwa miaka mingi. Wakati wa kukata msitu na kufungua shamba, maji ya mafuriko yaliongezeka. Lakini chai ilipokomaa na kufunika ardhi, na kwa kuwa shamba lile lilitunzwa kwa uangalifu mkubwa ili udongo usichukuliwe, maji ya mwaka mzima hayakupungua kwa kiasi kikubwa.

Tusome matokeo hayo kwa akili ileile tuliyoisomea hotuba. Hayasemi chai haina hatia. Yanasema shamba lililotunzwa vizuri sana, lenye kinga za udongo, liliweza kuhifadhi maji karibu kama msitu. Hayasemi lolote juu ya shamba dogo lililolimwa kwa mteremko mpaka ukingoni mwa mto, bila matuta wala majani ya kinga. Wala hayasemi kwamba chai inaweza kuwa msitu. Chai ni mmea mmoja. Haina kivuli cha tumbili, haina maua ya nyuki wa msituni, haina sinendet ya kumvika mshindi, wala senetwet ya kusafishia kibuyu cha mursik. Hivyo vilikuwa vya msitu na kando zake, na vikiisha haviuzwi dukani.

Kwa hiyo mtu akisema "chai imekausha mito", tumjibu kwamba amesema haraka. Na mtu akisema "chai ni kijani kama msitu, hakuna kilichoharibika", huyo naye amesema haraka. Ukweli uko katika namna: tumepanda wapi, tumelima vipi, na tumeacha nini kandoni.

TULILETE NYUMBANI

Wakulima wa chai ndio watu wa mwisho wanaoweza kusema msitu hauwahusu. Mchai unapenda mvua iliyotawanyika mwaka mzima na hewa yenye unyevu, na mawingu ya Mau ni sehemu ya hali hiyo. Ndiyo maana Ukanda wa Chai ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986, uliwekwa ukingoni mwa msitu ili chai iwe boma la kuulinda. Viwanda vyetu vinakausha majani kwa mvuke, na mvuke huo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye kuni. Bila mti hakuna chai, hata kama mche wa chai umesimama shambani.

Na maji yetu hayaishii kwetu. Nyangores na Amala huungana kuwa mto Mara, unaopita kwa wafugaji na wanyama wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kufika Ziwa Victoria. Kipsonoi na Itare ni katika mito inayoingia Sondu, na maji ya Sondu yanaendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, yenye uwezo wa megawati 60. Hospitali ya Tenwek ilijenga mtambo wake mdogo wa umeme penye maporomoko ya Nyangores. Maana yake ni kwamba kuna wagonjwa waliopasuliwa wakimulikwa na taa iliyowashwa na mvua ya Mau. Mfano kama huo, ndugu zetu, ndio unaofaa kusemwa barazani. Ni mdogo, ni wa kweli, na ni wa hapa.

Kuhusu familia zilizoondolewa msituni, tunasema wazi: hotuba yoyote ya kuokoa Mau isiyowataja ina shimo katikati. Na hotuba yoyote ya kuwatetea isiyoutaja mto nayo ina shimo. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza katika sura ya pili, mstari wa 15, kwamba binadamu aliwekwa bustanini na kupewa kazi mbili pamoja: kulima na kutunza. Hakupewa nafasi ya kuchagua moja. Anayehubiri kutunza peke yake amemsahau mtu. Anayehubiri kulima peke yake ameisahau bustani.

NAMNA YA KUANDIKA YA KWETU

Vikundi vingi huandika barua kwa chifu, kwa kampuni, kwa idara ya misitu au kwa wafadhili. Mara nyingi barua zinaanza na maneno makubwa ya kukopa, na msomaji wake hazimalizi. Tunapendekeza njia hii:

1. Anzeni na haja ya nyumbani, iliyo ya kweli. Akina mama wanatembea umbali gani kuteka maji mwezi wa Januari na Februari? Pimeni kwa miguu yenu, msikisie.

2. Semeni mlichokwisha kufanya, hata kikiwa kidogo. Miche 40 iliyomea ina nguvu kuliko ahadi ya miche 4,000.

3. Chagueni kitu kimoja kinachoonekana: chemchemi, daraja, mti mmoja, ndege aliyepotea. Kiiteni kwa jina lake la hapa kwetu.

4. Gawieni kila mmoja sehemu yake. Sehemu yenu ya kwanza, kisha ya jirani, ya kiwanda, ya serikali. Msijitoe, na msibebe ya wengine.

5. Mwisho kabisa ndipo mseme "sisi sote".

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kumbukeni hotuba moja ya mazingira mliyoisikia barazani, redioni au mimbarini. Msemaji alitumia "sisi" au "wao"? Nani hakutajwa?

2. Je, Wangari Maathai angetaja chai katika hotuba ya Oslo, msikilizaji wa Ulaya anayekunywa chai yetu angeisikia vipi? Na sisi tungeisikia vipi?

3. Mtoto wa umri wa miaka saba kijijini kwenu akienda mtoni leo, anaona nini? Bibi yake aliona nini mahali hapohapo?

4. Mfano wa fimbo ya thigi ni wa Wakikuyu. Kwetu ni mti au mmea gani uliosimamia amani au heshima? Bado unapatikana umbali gani kutoka hapa mlipokaa?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, watu watatu wa kikundi, mmoja akiwa mzee na mmoja kijana, watembee kando ya kijito kilicho karibu kuanzia penye chemchemi mpaka penye daraja la kwanza. Wahesabu mikaratusi iliyo karibu na maji, mahali chai ilipofika ukingoni, na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Wasiandike jina la mwenye shamba, maana hatutafuti wa kushtaki. Wakirudi, kikundi kiandike ukurasa mmoja kwa kufuata njia ile ya hatua tano, na usomwe kwa sauti mbele ya wenye mashamba hayo. Wao ndio wasikilizaji wa kwanza. Wakisema, "Hapo mmetusema kwa haki," andikeni nakala safi mpeleke kwa chifu. Wakisema, "Hapo mmetuonea," kaeni tena mrekebishe.

Na mkivikuta viluwiluwi, tafadhali waiteni watoto waje kuviona.